Ukurasa Ulio Mbele ya Hadithi: Kwa Nini Wasomaji wa The Da Vinci Code Hawaelewani

Nakala yangu ya The Da Vinci Code niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba anayepanga mali yake chini, kando ya barabara, pale Posta jijini Dar es Salaam. Jalada lilikuwa limekunjika na kurasa za katikati zina madoa ya chai. Kabla yangu kitabu kilikwisha kupita kwa watu wasiopungua wawili, maana pembezoni mna miandiko miwili. Wa kwanza ni wa kalamu ya bluu, unapiga mstari chini ya sentensi na kuandika "Kumbe!" Wa pili ni wa penseli, umekandamizwa mpaka mahali pamoja karatasi imetoboka: "Uongo." Mara nyingi wote wawili wamesimama kwenye sentensi ile ile.

Sijapata kubishana na watu kuhusu kitabu chochote kama nilivyobishana kuhusu hiki. Nimebishana kwenye daladala, nimebishana nje ya kanisa baada ya misa, na siku moja msibani, tukisubiri maiti ifike. Ubishi huo huwa unakwama palepale, na watu wanaachana wamenuna bila kujua hasa walikuwa wanapingana juu ya nini. Naamini fundo hilo linafunguka, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya hii ya Mmarekani Dan Brown ilitoka mwaka 2003 na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 80 duniani. Mtunzaji wa makumbusho ya Louvre jijini Paris anauawa usiku, na kabla hajakata roho anaacha mafumbo. Profesa mmoja kutoka Marekani na mjukuu wa marehemu wanayafumbua huku wanakimbizwa na polisi na mtawa muuaji. Siri wanayoikuta mwisho wa safari ni kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena, wakapata mtoto, na uzao wao uko hai Ufaransa mpaka leo. Kanisa limeizima habari hiyo kwa karne nyingi, na chama cha siri kiitwacho Prieuré de Sion ndicho kinachoilinda.

Sasa wasikilize wasomaji. Mmoja atakwambia ni hadithi tu, mbona unaumia? Mwingine atasema afadhali mtu amethubutu kusema, maana viongozi wa dini wanatuficha mengi. Wa tatu anaona ni kufuru, kitabu hakifai kuwa ndani ya nyumba ya Mkristo. Yuko na wa nne, aghalabu mwalimu au mwandishi, anayesema lugha yake ni ya kawaida na wahusika wake ni wepesi, ila alianza saa mbili usiku na alfajiri ikamkuta hajalala.

Ukiwaangalia vizuri, hawa hawajibu swali moja. Wa nne anajibu kama hadithi imesukwa vizuri. Wa pili anajibu kama yaliyosemwa ni kweli. Wa tatu anajibu kama yaliyosemwa yanaumiza kitu kitakatifu. Mtu anaweza kusema ndiyo kwa swali moja na hapana kwa mengine bila kujipinga hata kidogo: hadithi inaweza kusukwa vizuri, ikawa ya uongo, na ikaumiza. Wengi wanaobishana wanatumia jibu la swali moja kumjibu aliyeuliza lingine. Unamwonyesha mtu kosa la historia, anakujibu kwamba kitabu kinasisimua. Unamwambia kinasisimua, anakujibu kwamba kinatukana imani yake.

Anayenisumbua zaidi ni yule wa kwanza, wa "ni hadithi tu". Kwa riwaya nyingine ningemuunga mkono mara moja. Hakuna anayemdai mtunzi risiti kwa kila alichokibuni. Ila kitabu hiki kina ukurasa mmoja uliowekwa mbele kabisa, kabla hadithi haijaanza, na ukurasa huo hausemi na msomaji kama hadithi. Una kichwa kinachotangaza kwamba yanayofuata ni ukweli. Unasema Prieuré de Sion ni chama halisi kilichoanzishwa mwaka 1099. Unasema mwaka 1975 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iligundua hati za ngozi zinazowataja wanachama wake, wakiwemo Isaac Newton, Botticelli, Victor Hugo na Leonardo da Vinci. Unamalizia kwa kusema kwamba maelezo yote ya sanaa, majengo, hati na ibada za siri yaliyomo kitabuni ni sahihi.

Kwenye nakala yangu, hapo ndipo mwenye kalamu ya bluu alipoandika "Kumbe!" ya kwanza. Nami simlaumu. Tangu utotoni tumezoea mlango wa hadithi: "Paukwa!" "Pakawa!" Ukishaitikia "pakawa" umekubali kwamba sungura atasema na fisi atadanganywa. Ukurasa huu umeuondoa mlango huo, ukaweka kiapo mahali pake. Msomaji anayeuamini ametendewa visivyo, na anayemcheka kwa kuamini amesahau kwamba kuna mtu aliyemwapia.

Kiapo hicho kinavunjika kwenye sentensi yake ya kwanza. Prieuré de Sion ilikuwepo kweli, ila iliandikishwa mwaka 1956, katika wilaya ya Saint-Julien-en-Genevois, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Mwasisi wake mkuu alikuwa Pierre Plantard, akiishi mji wa Annemasse. Jarida la chama hicho lilijitambulisha kuwa la kutetea haki za wakazi wa nyumba za kodi nafuu. Hapakuwa na Newton wala Botticelli. Miaka ya 1960 Plantard akaanza kujitengenezea ukoo wa kifalme wa Wamerovinji, waliotawala Wafaranki mpaka katikati ya karne ya 8. Rafiki yake Philippe de Chérisey alimsaidia kughushi hati zilizodaiwa kuwa za kale. Zile "hati za siri" za Maktaba ya Taifa hazikugunduliwa na mtu: ni karatasi za kupigwa taipu, zilizopelekwa pale na akina Plantard wenyewe katika miaka hiyo ya 1960 ili watafiti wazikute rafuni na kuziamini kwa sababu ya heshima ya jengo.

Nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Tunadhani kughushi ni kuandika uongo. Plantard alielewa kwamba kazi kubwa ni kuuweka uongo mahali ambapo watu wamezoea kukuta ukweli.

Kiini kingine cha hadithi yake kilikuwa paroko wa kijiji cha Rennes-le-Château, kusini mwa Ufaransa, aliyeitwa Bérenger Saunière. Alifika parokiani mwaka 1885 akiwa fukara, kisha akajenga nyumba ya fahari na mnara, na watu wakaanza kusema amefukua hazina. Uchunguzi wa askofu wake ulionyesha alikotoa fedha: alikuwa akipokea sadaka za kuombea misa kutoka kila pembe, nyingi kuliko misa ambazo padre mmoja anaweza kuadhimisha. Ni kisa kidogo cha aibu. Mikononi mwa Plantard kikawa siri ya damu ya Yesu iliyofichwa, na mtunzaji anayeuawa Louvre katika riwaya amepewa jina la ukoo lilelile, Saunière.

Mwaka 1982 waandishi watatu walilipeleka jambo hili mbali zaidi kwa kitabu walichokiuza kama utafiti wa historia, The Holy Blood and the Holy Grail. Wawili kati yao, Michael Baigent na Richard Leigh, waliishtaki kampuni iliyochapisha riwaya ya Brown huko London kwa madai ya kuibiwa kazi yao, wakashindwa Aprili 2006. Hoja yao ilikuwa na tatizo kubwa tangu mwanzo: wenyewe walikuwa wamesema kazi yao ni historia, na historia si mali ya mtu. Plantard mwenyewe alifariki mwaka 2000, hivyo hakuiona riwaya. Lakini mwaka 1993 alihojiwa na hakimu Thierry Jean-Pierre, kwa kuwa alikuwa amelitia katika orodha yake ya wakuu wa chama jina la mfanyabiashara aliyekuwa kwenye kashfa ya fedha. Mbele ya hakimu alikiri kwamba ameyabuni. Hiyo ni miaka kumi kabla ya ule ukurasa kuchapishwa.

Baada ya hapo naelewa hasira ya mwenye penseli. Lakini hasira haitoshi, kwa sababu yako mambo mawili ambayo wasomaji huyashika kwa nguvu kuliko chama cha siri, nayo yanadai majibu ya uangalifu.

La kwanza ni Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325. Katika riwaya, mzee msomi amekaa sebuleni kwake, anamweleza binti kwamba kabla ya Nisea wafuasi wa Yesu walimwona kuwa mtu tu, nabii mkubwa. Kisha Kaisari Konstantino akawakusanya maaskofu, wakapiga kura, na kwa tofauti ndogo ya kura Yesu akafanywa Mungu. Palepale Konstantino akachagua injili za kuingia kwenye Biblia na kuzichoma nyingine.

Angalia kwanza jinsi inavyosemwa. Maneno yametiwa kinywani mwa msomi mwenye nyumba iliyojaa vitabu, na anayemsikiliza ni mtu anayeuliza maswali ambayo mimi na wewe tungeuliza. Yule profesa naye yupo, lakini hamwambii "subiri kwanza". Sura ni fupi, kila moja inaishia ukingoni mwa hatari, basi msomaji anafunua ukurasa kujua kama polisi wamefika, huku dai la historia limeshapita bila kukaguliwa.

Nisea maaskofu walikuwa zaidi ya 200. Waliokataa kabisa kutia sahihi tamko la imani walikuwa wawili, wote kutoka Libya, wakiungana na padre Ario wa Aleksandria. Hiyo si tofauti ndogo ya kura. Tena Ario hakufundisha kwamba Yesu alikuwa mtu tu. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya nyakati zote, akiwa juu ya viumbe wengine wote. Ubishi ulikuwa juu ya namna ya uungu wake. Kuhusu imani ya kabla ya hapo, tuna barua ya liwali wa Kirumi, Plinio, aliyoiandika karibu mwaka 112 kumuuliza Kaisari Trayano awafanye nini Wakristo. Anaeleza kwamba wanakutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Plinio alikuwa akitawala Bithinia, jimbo lenye mji huohuo wa Nisea, zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso.

Vitabu vya Biblia havikupigiwa kura pale. Askofu Ireneo, karibu mwaka 180, tayari anatetea injili nne, si zaidi wala pungufu. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya la leo imo katika barua ya Pasaka ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Mitaguso iliyofuata kuithibitisha ilifanyika Hipo mwaka 393 na Karthago mwaka 397. Misri, Algeria na Tunisia za leo: nashangaa riwaya inayotaka kufichua asili ya Biblia ilivyopita mbali na Afrika, ambako sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika.

Konstantino aliagiza kweli nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya. Bila shaka hapo ndipo dai la "Biblia ya Konstantino" lilipopata mguu wa kusimamia. Kwa kawaida dai la namna hii lina punje ya ukweli ndani yake, na mpingaji anayeikana punje hiyo anajiharibia.

Kwa wasomaji wa Kiswahili habari ya Nisea ina uzito wa pekee. Waliokua Tanzania miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka mihadhara ya dini viwanjani, Waislamu na Wakristo wakisomeana vitabu kwa vipaza sauti, na Nisea ilitajwa sana. Nimekutana na ndugu Waislamu waliolipokea dai la riwaya kama ushahidi umekuja kutoka kwa Wazungu wenyewe. Kwa heshima zote, naona wanaazima fimbo iliyooza. Riwaya inamfanya Yesu mume wa Magdalena na baba wa ukoo wa wafalme, na Isa wa Kurani hayuko hivyo. Imani ya Mwislamu juu ya Isa inasimama kwenye Kitabu chake. Haimhitaji Plantard.

Jambo la pili ni ndoa yenyewe. Riwaya inatumia Injili ya Filipo, mojawapo ya maandiko yaliyopatikana mwaka 1945 karibu na mji wa Nag Hammadi, Misri. Hii ni hati halisi, na ni jema kwamba watu wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kupitia riwaya. Ndani yake Magdalena anaitwa mwenzi wa Mwokozi, na msomi wa riwayani anasema kwamba kila mjuzi wa Kiaramu atakwambia neno hilo siku zile lilimaanisha mke. Lakini maandishi hayako kwa Kiaramu. Yako kwa Kikopti, na neno lenyewe limeazimwa kutoka Kigiriki, *koinonos*. Laweza kumtaja mwenza wa ndoa, na pia mshirika wa kazi au wa biashara. Katika Luka sura ya 5, Yakobo na Yohana ni *koinonoi* wa Simoni: walivua samaki pamoja.

Kisha kuna busu. Sentensi inaelekea kusema kwamba Mwokozi alimpenda Magdalena kuliko wanafunzi wengine na alikuwa akimbusu kwenye… na hapo papiri ina tundu. Mchwa au miaka vimekula neno. Wafasiri wengi hujaza "kinywa" ndani ya mabano, wengine hukisia shavu au paji la uso. Riwaya inaandika kinywa, bila mabano. Mimi nikiulizwa ni wapi hasa riwaya imewakosea wasomaji wake, nawaonyesha mabano hayo yaliyoondolewa. Mtaalamu akiwa na tundu mbele yake anasema "hapa pana tundu". Na kwa vyovyote andiko hilo wataalamu wengi huliweka karne ya 2 au ya 3, na katika maandishi ya aina yake busu lilikuwa ishara ya kupokezana elimu ya kiroho.

Hata hivyo riwaya imesema kweli moja ambayo wengi wetu hatukuifundishwa: hakuna injili inayosema Maria Magdalena alikuwa kahaba. Luka anasema alitokwa na pepo saba, na injili zote zinamweka kwenye kaburi tupu. Aliyemuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka sura ya 7 ni Papa Gregori Mkuu katika mahubiri ya mwaka 591, na Kanisa la Magharibi likambebesha jina hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1969 kalenda ya Kanisa Katoliki ilitenganisha wanawake hao, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, ikawa sikukuu ya hadhi sawa na za mitume. Nimeongea na akina mama waliosema riwaya hii ndiyo iliyowafanya warudi kusoma injili kumtafuta Magdalena. Ukisema kitabu kizima ni takataka, unawaambia akina mama hao kwamba walichokipata si kitu.

Juu ya Opus Dei, ambayo riwaya inamfanya yule mtawa muuaji kuwa mtu wake, sina haja ya maneno mengi. Ni taasisi ya Kikatoliki iliyoanzishwa Hispania mwaka 1928, na haina watawa wa kuvaa kanzu kama yule muuaji wa riwayani. Nairobi wengi waliijua kupitia Strathmore, iliyofunguliwa mwaka 1961, mahali walikokwenda kusomea uhasibu.

Mtu atauliza: hata kama ukurasa ule ni wa uongo, madhara yako wapi? Jibu langu linatoka katika riwaya nyingine ya zamani. Mwaka 1868 Mjerumani Hermann Goedsche aliandika hadithi yenye sura inayoonyesha wazee wa Kiyahudi wakikutana usiku makaburini Prague kupanga kuitawala dunia. Ilikuwa sura ya kubuni katika riwaya ya kubuni. Miaka michache baadaye ilichomolewa Urusi na kuchapishwa peke yake kama tukio la kweli, na ikawa miongoni mwa vyanzo vya andiko la kughushi, "Itifaki za Wazee wa Sayuni", lililochapwa Urusi mwaka 1903. Gazeti la The Times la London lilionyesha mwaka 1921 kwamba ni la kughushi. Haikusaidia: Wanazi walilitumia kuwafundisha watoto shuleni, na yaliyowapata Wayahudi tunayajua.

Sisemi riwaya ya Brown ni ya aina hiyo. Haimwiti mtu adui wa kuuawa. Nasema msomaji akishazoea kupokea hadithi kama hati, atazoea na ile yenye sumu. Kwetu hapa tunaona matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yakiita watu wajiunge na Frimasoni wapate utajiri, pamoja na namba ya simu, na wapo waliotuma akiba yao yote kwa matapeli. Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, hakuficha kwamba yeye ni Frimasoni na alieleza habari hizo hadharani, lakini uvumi ulikuwa mtamu kuliko maelezo yake. Mengi yanayosemwa juu ya Frimasoni na Lusifa yalitungwa na Mfaransa Léo Taxil, ambaye mwaka 1897 alisimama mbele ya watu Paris na kukiri kwamba ameyabuni yote. Maungamo yake yamesahauliwa. Alichobuni kinasambazwa kwenye simu mpaka leo.

Wapo viongozi wa Kanisa waliojibu kwa kukataza. Kardinali Tarcisio Bertone aliwataka waamini mwaka 2005 wasikinunue wala wasikisome. Nalielewa jeraha lake, sikubaliani na dawa. Katekista mmoja aliniambia vijana wake walikisoma kwa zamu wiki ileile walipokatazwa, na walipomjia na maswali ya Nisea hakuwa na jibu, kwa sababu yeye hakukisoma. Alijisikia vibaya kuliko vijana.

Nakala yangu nimeamua kuirudisha kwa muuza vitabu wa Posta. Ataiuza tena kwa shilingi elfu tano. Ila kwanza nimefungua ule ukurasa wa mbele, na chini ya "Kumbe!" ya bluu na "Uongo" ya penseli nimeandika kwa wino mweusi: "Saint-Julien-en-Genevois, 1956. Tafuta jina la Plantard." Kwenye ukurasa wa busu, pembeni ya neno "kinywa", nimechora mabano.